Bakuli la Lango la Chini

Wamepokezana wazee wetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyofichika, kwamba hapo zamani palikuwa na mji wa jangwani ulioitwa Wadi Rimali, na katika mji huo aliishi mja mwema jina lake Sheikh Mikdadi bin Auni, Mola amrehemu. Kazi yake ilikuwa kugawa maji. Na mtu asidhani kuwa hiyo ilikuwa kazi ndogo. Mji mzima ulikuwa na mfereji mmoja tu, utokao chini ya mlima, na kila mtende na kila shina la kitunguu liliishi kwa mfereji huo.

Ugawaji wenyewe ulikuwa hivi. Bakuli la shaba lenye tundu dogo kitakoni liliwekwa juu ya maji ndani ya beseni kubwa. Maji yaliingia polepole kwa tundu lile mpaka bakuli likajaa na kuzama. Likizama mara nne, zamu ya bustani moja imekwisha, na mlinzi hufunga njia ya maji na kufungua ya jirani.

Malango yalikuwa mawili. Lango la juu lilikuwa la bustani za wanaume, nao walikuwa na siku sita. Lango la chini lilikuwa la wajane na wanawake waliobaki peke yao, nao walikuwa na Jumatatu yao. Aliyeyatenganisha ni Sheikh wa zamani wa mji, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Aliwaona wajane wakisukumwa na kutupiwa maneno langoni, akaona heri wapewe lango lao, siku yao na bakuli lao, wajisimamie wenyewe. Maji yatakayobaki Jumatatu baada ya zamu zao kwisha, yarudi juu yamalizie zamu za wanaume. Siku ya kuanza, Mikdadi, wakati huo ndevu zake zingali nyeusi, aliyaweka mabakuli mawili mapya ndani ya beseni moja mbele ya msikiti. Yakazama kwa pamoja. Watu wakaleta takbiri, na yule Sheikh akaomba dua hali amelishika mkononi bakuli la juu.

Ikapita miaka ishirini na miwili. Mikdadi akaota mvi, akawa Sheikh Mikdadi, mtu wa saumu nyingi na maneno machache. Likija suala la maji, watu walikuwa wakisema, "Muulizeni Mikdadi," kisha basi, hakuna tena wa kuulizwa.

Sasa mwaka huo Mughira bin Sahli, mkubwa wa wenye bustani za juu, akapeleka shauri kwa Kadhi. Ilikuwa desturi ya mji kwamba shamba likiachwa likauke misimu mitatu mfululizo, mwenyewe hunyang'anywa, likakabidhiwa anayeweza kulihuisha. Mughira akaitaja bustani ya Bi Lubaba binti Harithi, mjane wa miaka minne.

"Ewe Kadhi, mimi sina uadui na mama huyu," alisema Mughira, naye huenda alisema kweli. "Lakini mitende ile mumewe aliiacha ikiinama kwa tende. Leo itazameni. Wanawake wana subira ya jikoni. Ya shamba hawana."

Watu wakacheka. Kadhi hakucheka. Akamgeukia mgawa maji. "Mikdadi, maji wanapewa sawa?"

"Sawa, ewe Kadhi. Mabakuli niliyapima kwa mkono wangu."

Alijibu bila kufikiri, kama mtu anavyojibu akiulizwa jina la mama yake. Kadhi akasema kuwa hukumu itatolewa Alhamisi jua likishapanda, na kwamba siku hiyo Mikdadi atautia ushahidi wake kiapo, kwa kuwa shamba la mjane halichukuliwi kwa neno tupu.

Siku ya Jumanne, baada ya sala ya Adhuhuri, Bi Lubaba alikuja nyumbani kwa Sheikh. Alisimama nje ya mlango, akapiga hodi mara tatu, na alipokaribishwa akakaa ukumbini karibu na Bi Shamsa, mke wa Sheikh. Mkononi alikuwa na tasbihi ya kokwa za tende, kokwa tisini na tisa, zimelainika kwa kushikwa.

"Sheikh wangu," akasema, "sikuja kulalamika. Nimekuja kuuliza jambo linalonisumbua. Marehemu mume wangu alipokuwa hai, nilikuwa nakaa chini ya mtende wetu wa kwanza wakati wa zamu yetu, navuta tasbihi mpaka maji yafungwe. Nilikuwa naizungusha mara kumi na mbili. Alipofariki, zamu yetu ikahamishiwa lango la chini, kama ilivyo desturi. Nikakaa pale pale, na tasbihi ile ile. Sasa naizungusha mara saba, maji yamefungwa."

Sheikh Mikdadi akatabasamu kwa upole, ule upole wa mtu aliye na hakika. "Huzuni huufanya ulimi kuwa mzito, Bi Lubaba. Wakati wa furaha ulikuwa ukisoma kwa haraka."

"Ulimi mzito ungenifikisha saba siku za msiba tu, Sheikh wangu. Miaka minne sasa. Na kila mwaka inapungua kidogo."

"Mabakuli yalipimwa."

"Najua yalipimwa. Nilikuwepo, nimembeba mwanangu wa kwanza mgongoni, naye sasa ana watoto." Akainuka, akajifunga vizuri mtandio wake. "Alhamisi utaapa. Nakuombea Mungu kiapo chako kiwe cha kweli, kwa sababu nakuheshimu. Ni hilo tu lililonileta."

Akaaga, akaenda zake. Sheikh Mikdadi akarudi kwenye msala wake kama mtu asiyeguswa na kitu. Lakini ilipofika Alasiri, aliposimama kusali, alijikuta hajui yuko rakaa ya tatu au ya nne. Akasujudu sijida ya kusahau. Halikuwa limemtokea jambo hilo kwa miaka mingi.

Wasiwasi ukiingia hauombi ruhusa. Sheikh alianza kukumbuka mambo ambayo hakuwahi kuyaita mambo. Alikumbuka kwamba zamani, siku za Jumatatu, lango la chini lilikuwa likifungwa karibu na Magharibi, na kwamba sasa hufungwa mapema, hata kabla ya adhana ya Alasiri. Watu walifanya mzaha kwamba wajane wana haraka ya kuwahi vyungu vyao, naye alicheka pamoja nao. Alikumbuka kwamba maji ya baki yalikuwa yanaongezeka kila mwaka, na kwamba yeye mwenyewe, kwa kuwa bustani yake iko juu, alikuwa akipata sehemu ya baki hiyo. Mikomamanga yake ilikuwa ikisifiwa mji mzima. Alikuwa akisujudu shukra kwa ajili yake, akiiita baraka.

Kisha akamkumbuka Bi Nusaiba. Huyu alikuwa mjane, na miaka miwili nyuma bustani yake ilichukuliwa kwa desturi ile ile, akapewa Mughira. Siku hiyo pia Kadhi aliuliza, na Mikdadi akajibu vile vile. Bi Nusaiba hakubisha. Alikwenda kuishi kwa ndugu zake pamoja na binti yake, na msimu haukwisha akafariki. Sheikh Mikdadi ndiye aliyemsalia. Chakula cha jioni kilipoletwa hakukigusa.

Jumatano asubuhi alimtuma Bi Shamsa kwa Bi Lubaba kuomba bakuli la lango la chini. Akalileta limefungwa katika kitambaa cheupe. Lilikuwa linang'aa. Wanawake wa lango la chini walikuwa wakilitunza bakuli lao kama amana. Kila Jumatatu kabla ya kulitumia walilisugua kwa mchanga laini na majivu, ndani na nje, na tundu wakalipitishia kijiti cha mchongoma chenye mchanga ili lisibakiwe na taka. Walifanya hivyo miaka ishirini na miwili, mama akimrithisha binti, kwa sababu kitu cha haki za watu hakifai kuwa kichafu.

Bakuli la juu nalo Sheikh alikwenda kulichukua mwenyewe. Halikuwa limesuguliwa hata mara moja. Sheikh wa zamani alikuwa amelishika siku ya dua, na wanaume waliona kulisugua ni kukosa adabu. Lilikuwa jeusi, na kitako chake kilikuwa na ukoga mweupe wa chokaa, ule unaoachwa na maji ya mlimani. Sheikh aliingiza ncha ya kidole tunduni. Kwa nje tundu lilikuwa lile alilolijua, lakini kwa ndani ukoga ulikuwa umelizunguka pande zote.

Akayaweka mabakuli yote mawili katika beseni la uani. Akakaa chini, na mkewe akakaa upande wa pili.

Lile la chini likazama la kwanza. Bi Shamsa akaliinua, akalirudisha juu ya maji. La juu lilikuwa bado linaelea. Akajiambia labda mkono wa mkewe uliliweka vibaya. Wakaanza upya, yeye mwenyewe akiyaweka yote mawili. Safari hii alihesabu hadi mwisho: bakuli la juu lilipozama mara ya nne, la chini lilikuwa linazama mara ya saba.

Hapakuwa na mwizi. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi, kwa maana angekuwepo mwizi, angepata wa kumlaumu. Wanaume walikuwa wamelistahi bakuli lao mpaka tundu likabanwa na ukoga, na wanawake walikuwa wamelisafisha lao mpaka tundu likapanuka, kila upande kwa nia njema, na kila mwaka nia hizo mbili zilikuwa zikichukua maji ya wajane na kuyapandisha juu. Na mlinzi wa haki hiyo, mtu wa saumu na tasbihi, alikuwa amekaa katikati akila makomamanga.

Bi Shamsa ndiye aliyesema kwanza. "Tuna nta ndani. Weka kidogo kwenye tundu hili, na lile la juu lichokonoe ukoga utoke. Jumatatu watapata maji yao kamili. Nani atajua?"

"Mungu atajua."

"Mungu anajua tayari, mume wangu, naye anajua hukukusudia. Lakini watu hawatasema hukukusudia. Watasema Mikdadi ameiba maji ya wajane miaka ishirini, na mimi nitakwenda mferejini na jina hilo." Akaanza kulia. "Mimi naogopa. Nakwambia wazi, naogopa."

Naye Sheikh alikuwa anaogopa, tena kuliko mkewe. Aliiomba ile nta, akaletewa, akaiviringa kati ya vidole mpaka ikalainika. Alilishika bakuli la wanawake, akaliinua kwenye mwanga, akaliona jua dogo likipita tunduni. Hapakuwa na wa kumzuia. Na tusimcheke, kwani ni nani kati yetu hajawahi kutengeneza kimya kimya alichokiharibu, akajiita mstaarabu?

Kilichouzuia mkono wake ni hesabu nyepesi. Nta ingeleta maji Jumatatu. Lakini Alhamisi ingekuja kabla ya Jumatatu, na Alhamisi Bi Lubaba angehukumiwa kuwa mvivu aliyeua mitende ya mumewe. Na Bi Nusaiba alikuwa kaburini na jina hilo hilo la uvivu. Sheikh Mikdadi akaiweka nta chini.

"Huyo mmoja siwezi tena kumwomba radhi, Shamsa," akasema. "Nilimsalia, nikamwombea asamehewe makosa yake."

Bi Shamsa akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Akalivuta beseni, akaanza kuyafunga mabakuli katika kile kitambaa cheupe, na akasema, "Basi usilisugue hata moja. Yapeleke yalivyo."

Alhamisi jua likapanda, na baraza la Kadhi likajaa. Sheikh Mikdadi alifika akitembea kama mgonjwa, watu wakadhani ni homa, wakampisha. Mughira akamwachia nafasi karibu yake. Bi Lubaba alikuwa amekaa nyuma ya pazia la wanawake, na tasbihi yake ilikuwa ikisikika.

Kadhi akasema, "Mikdadi, njoo uape kwamba maji wanapewa sawa."

"Siwezi, ewe Kadhi."

Baraza zima likamgeukia. Akaomba liletwe beseni la maji. Akalifungua lile furushi jeupe mbele ya watu, akayaweka mabakuli yote mawili juu ya maji, akarudi nyuma hatua tatu ili asije akaambiwa ameyagusa.

Kungoja bakuli lizame si jambo refu, ila siku hiyo lilikuwa refu. Bakuli linalong'aa likazama. Kadhi mwenyewe akaamuru liinuliwe. Mtu mmoja akakohoa. Lile jeusi lilikuwa limetulia juu ya maji kana kwamba halina habari. Walipofika mara ya tatu, wanawake nyuma ya pazia walianza kuhesabu kwa sauti, kwanza mmoja, kisha wote, na hesabu ilipofika saba, lile jeusi likazama mara yake ya nne. Hapo hata waliokuwa wamecheka siku ya kwanza walikuwa wanatazama chini.

Mughira akasimama, uso umemwiva. "Wamelitoboa! Tazameni lilivyosuguliwa! Wao wenyewe wamelikwangua!"

"Ni kweli wamelikwangua wao," akasema Kadhi. "Niambie, Mughira, umepata kumwona mtu akijiibia miaka ishirini na miwili?"

Mughira akakaa.

Sheikh Mikdadi akasema, "Ewe Kadhi, hawa walisafisha amana yao, na sisi tulistahi baraka yetu. Kosa ni langu. Nilipima siku moja, nikashuhudia miaka ishirini na miwili. Kwa ushahidi wangu Bi Nusaiba alinyang'anywa bustani, naye hakuwa mvivu. Alikuwa hana maji. Mikomamanga yangu imenyweshwa haki yake. Niondoe katika kazi hii, unihukumu unavyoona."

Akabaki amesimama. Wengine walianza kunong'ona, na miongoni mwa manong'ono hayo alilisikia lile neno alilokuwa akiliogopa mkewe. Lilimfikia wazi, naye akalistahimili.

Kadhi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu wa kukurupuka. Aliyashika mabakuli yote mawili, akayatazama matundu, kisha akatoa hukumu. Bustani ya Bi Lubaba ibaki mikononi mwake. Bustani ya Bi Nusaiba irudi kwa binti yake. Maji ya baki yaende lango la chini miaka ishirini na miwili, kama yalivyokwenda juu. Mabakuli yote mawili yawekwe kando, lifuliwe moja jipya la malango yote, lisuguliwe kwa namna moja, na kila mwanzo wa msimu lipimwe mbele ya watu pamoja na bakuli la akiba ambalo halitumiki. Tena tangu siku hiyo hakuna shamba litakaloitwa limeachwa mpaka kwanza yapimwe maji yaliyolifikia.

"Imebaki kazi ya mgawa maji," akasema. "Mikdadi ameomba aondolewe. Wenye haki iliyopotea ni hawa walio nyuma ya pazia. Wao ndio watakaosema."

Tasbihi ilikuwa imenyamaza. Sheikh Mikdadi aliinamisha kichwa akingoja, na alikiri baadaye kwamba hakupata kuogopa kiasi hicho, wala jangwani wala katika maradhi.

"Abaki," ikasikika sauti ya Bi Lubaba. "Mtu aliyeweza kusema haya mbele ya Mughira na mbele ya mji anafaa kushika bakuli. Lakini asikae peke yake. Upande wa pili wa beseni akae mmoja wetu, siku zote saba, si Jumatatu tu. Yeye ahesabu, na sisi tuhesabu."

Ikawa hivyo. Wa kwanza kukaa alikuwa Bi Lubaba mwenyewe, na tasbihi yake ya kokwa za tende, na kila wiki alifika kabla ya Sheikh. Palitokea manung'uniko, hasa kwa wenye bustani za juu, ambao waliona zamu zao zimekuwa fupi, wakaapa kwamba wanadhulumiwa. Sheikh Mikdadi aliwajibu kwamba wanapewa sawa na wenzao, na kwamba yeye pia mwanzoni alidhani ni dhuluma, mpaka alipohesabu.

Mikomamanga yake ikapungua kuzaa. Miwili ikakauka. Hakuipanda mingine. Mitende ya Bi Lubaba ilichukua misimu mitatu kurudisha makuti, na mwaka wa nne alimpelekea Bi Shamsa ungo wa tende, wakakaa wote wawili ukumbini wakala. Na kila Ijumaa Sheikh alikwenda kwenye kaburi la Bi Nusaiba. Hakuwa tena akimwombea asamehewe. Alikuwa akimwomba yeye amsamehe.

Inasemekana kwamba mwishoni mwa umri wake walimjia wanafunzi, wakamwambia, "Sheikh, mji mzima unakutaja kwa ukweli wako wa siku ile." Akatikisa kichwa, akasema, "Wanangu, mimi sikusema uongo hata siku moja katika miaka ile ishirini na miwili. Na muda wote huo wajane walikuwa na kiu."

Basi enyi ndugu zangu, wanaume kwa wanawake, tunaposema kwa kujiamini kwamba kwetu kila mtu amepewa haki yake, tujiulize tulipima lini, na upande wa pili wa beseni alikaa nani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuogope mapema, tungali na mtu wa kumwomba radhi.